Kupeleka watoto kwenye makumbusho ya kompyuta: nenda siku mashine zinapowashwa

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto wa darasa letu la Kiswahili kwenye Makumbusho ya Historia ya Kompyuta hapa Mountain View, California, walimaliza jengo zima kwa dakika 40. Watoto 14. Walipita mbele ya mashine za miaka ya 1950 kama mtu anavyopita mbele ya mafriji dukani, halafu wakaja kuniuliza kama kuna Wi-Fi. Kosa lilikuwa langu: niliwapeleka siku ambayo hakuna mashine hata moja iliyowashwa.

Nimerudi nao mara nne tangu hapo, na mara ya mwisho ilibidi niwatoe kwa kuwavuta. Wazazi wa miji mingine wananiandikia WhatsApp kila likizo inapokaribia, "Dada, ile safari yenu mliipangaje?" Nimechoka kurekodi voisi noti ileile, kwa hiyo naiandika hapa yote.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na Jumamosi nafundisha watoto wetu Kiswahili kwenye ukumbi wa nyumba za kupanga tunakokaa, San Jose. Hiyo kazi ya wazee imenisaidia kwenye safari hii kuliko cheti chochote, na mtaona kwa nini.

Siku kwanza, mengine baadaye

Makumbusho yapo namba 1401 North Shoreline Boulevard, jirani na ofisi za Google. Ndani kuna maonyesho makubwa yaliyofunguliwa mwaka 2011, yanaitwa Revolution, yanayokutoa kwenye abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, hadi kwenye intaneti. Mazuri sana, lakini vitu karibu vyote viko kimya nyuma ya vioo. Mtoto wa miaka 10 hana shida na kioo. Shida yake ni ukimya.

Unachokitafuta ni vyumba viwili ambamo mashine za zamani zimefufuliwa na zinafanya kazi kweli: chumba cha IBM 1401 na chumba cha PDP-1. (Namba ya nyumba na namba ya mashine kufanana watoto wanaona ni miujiza. Waache.) Kwa miaka mingi onyesho la 1401 limekuwa likifanyika Jumatano na Jumamosi, na la PDP-1 Jumamosi chache tu katika mwezi. Usinishike neno kwa ratiba, maana wanaoendesha ni watu wa kujitolea, na mashine yenyewe ina umri wa bibi. Tazama kalenda ya makumbusho unapopanga, kisha itazame tena Ijumaa usiku. Ukipata Jumamosi yenye maonyesho yote mawili, ahirisha hata kipaimara.

Kundi linaweka nafasi mapema, wiki kadhaa kabla. Jitambulishe kuwa ni kundi la jamii, taja umri wa watoto na idadi ya watu wazima, kisha uliza maswali matatu: mashine itawashwa siku hiyo? Wanaingia wangapi kwa mkupuo, maana vyumba si vikubwa? Na watoto wataruhusiwa kuchapa kadi wenyewe? Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Sisi walituruhusu, na hapo ndipo safari ilipogeuka.

Makumbusho yana programu nyingine pia, kama warsha za familia, ziara za shule na mazungumzo ya jioni na watu waliotengeneza haya mambo. Mazungumzo ya jioni ni ya watu wazima. Nilimpeleka mwanangu wa kati mara moja, akalala begani kwangu kabla mgeni hajamaliza kutambulishwa. Mengi wanayaweka YouTube. Mimi huyasikiliza nikipiga pasi.

Wiki moja kabla: kadi ya matundu

Hapa ndipo nataka mtulie nami, kwa sababu mtoto asiyeelewa kadi ataona mashine ya 1401 ni kabati la bluu linalopiga kelele. Na ninyi mlio Arusha au Mombasa ambao hamna mpango wa kuja California, sehemu hii mnaweza kuifanya sebuleni. Inahitaji manila, rula na kitu cha kutobolea.

Zamani kompyuta nyingi hazikuwa na kibodi ya kuongea nazo moja kwa moja. Ulitoboa matundu kwenye kadi, ukaweka bunda la kadi kwenye mashine, ikazisoma. Kadi ya IBM ilikuwa na urefu wa milimita 187 hivi na upana wa milimita 83, safu 80 za kusimama, mistari 12 ya kulala. Kila safu hubeba herufi moja. Kwa watoto mimi huchora safu 20 tu, inatosha jina na salamu.

Mistari ihesabiwe kutoka juu hivi: wa kwanza ni 12, unaofuata ni 11, unaofuata ni 0, kisha 1, 2, 3 mpaka 9 chini. Najua inaonekana kama mtu alihesabu akiwa na usingizi. Andika namba hizo pembeni mwa kadi na usonge mbele.

Tarakimu ni tundu moja: 7 ni tundu kwenye mstari wa 7. Herufi ni matundu mawili katika safu ileile, moja kwenye mistari mitatu ya juu na moja chini. A mpaka I hutumia 12 juu, na chini 1 mpaka 9. J mpaka R hutumia 11 juu, na chini 1 mpaka 9. S mpaka Z hutumia 0 juu, na chini 2 mpaka 9.

Tuandike SIMU. S ni 0 na 2. I ni 12 na 9. M ni 11 na 4. U ni 0 na 4. Safu nne, matundu manane. Inua kadi uitazame kwenye mwanga wa dirisha, na hilo ndilo neno.

Kila mwaka watoto karibu wote hukosea S. Wanaanza na 1, kwa sababu makundi mawili ya kwanza yalianza na 1. Usiwakimbilie. Waache watoboe, wafike Z, waone wameishia 8 na mstari wa 9 umebaki mtupu, kisha waambie warudi kuhesabu: 9 na 9 ni 18, na herufi ni 26, zimebaki 8. Basi kundi la mwisho lina herufi 8 tu, na waliolipanga waliacha 1 wakaanzia 2. Mara hii mtoto anagundua kwamba kuna mtu, mtu kabisa mwenye mikono, aliyekaa mezani akaamua jambo hili. Mimi naona hilo ni somo kubwa kuliko matundu yenyewe, ingawa siwaambii.

Cha kutobolea: ile panchi ya ofisini ya karatasi haifai, tundu lake ni kubwa na haifiki katikati ya kadi. Nilinunua kitobolea tiketi kama cha makondakta wa treni. Fundi viatu wa mtaani kwenu ana kile kifaa cha kutobolea mikanda, mwombe. Msumari juu ya kipande cha ubao nao unafaa kwa wakubwa, ila tundu linakuwa na kingo chafu na kadi haisomeki vizuri kwenye mwanga.

Mchezo tunaocheza: kila mtoto anatoboa neno la Kiswahili bila kulitamka, anampa mwenzake, mwenzake analisoma. Kadi haina kufuta, ukikosea unachukua mpya. Kijana mmoja wa miaka 9 alimaliza kadi tano kwa neno SAMAKI, ya sita akaishika kwa ncha za vidole kama picha ya harusi. Mwingine alitaka NG'OMBE, akanijia kuuliza alama ya king'ong'o inatobolewa wapi. Kwenye chati yetu ya herufi 26 na tarakimu 10 haimo. Akaandika NGOMBE, na bibi yake aliyekuwa amekuja kutembea akitokea Kilimanjaro alikataa katakata kuisoma. "Huyu si ng'ombe," alisema. "Huyu ni mnyama mwingine."

Ukimaliza, waambie kwa ufupi kadi zilitoka wapi. Herman Hollerith alizitumia, pamoja na mashine zake za kuhesabia, kwenye sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na kampuni yake ni mojawapo ya zile zilizoungana zikaja kuwa IBM. Wazazi wa Tanzania wanaelewa haraka: hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na vishikwambi kwenye sensa yetu ya 2022, vile ambavyo baadaye walipewa walimu.

Siku yenyewe

Anzia chumba cha 1401. Usianze na maonyesho makubwa ukadhani unawapasha moto. Watafika chumba cha mashine wamechoka miguu na macho.

Waambie wavae sweta. Chumba kina kiyoyozi kwa ajili ya mashine, na kuna kelele za feni, kwa hiyo anayetaka kusikia asogee mbele. IBM ilitangaza 1401 mwaka 1959, na zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Hapa ziko mbili, moja ilitoka Ujerumani na nyingine Connecticut. Ile ya Ujerumani ilizoea umeme wa Ulaya, ikabidi watafute kifaa cha kuubadilisha umeme wa hapa ili iamke. Yeyote aliyewahi kubeba blenda ya Marekani kupeleka Dar es Salaam akaichoma siku ya kwanza anaelewa habari hii bila mkalimani.

Nambari nnazowapa watoto ni tatu tu. Kisoma kadi hupitisha kadi 800 kwa dakika. Printa hutoa mistari 600 kwa dakika, kila mstari nafasi 132. Na kumbukumbu ya mashine nzima, ikiwa imeongezwa mpaka mwisho wake, ni herufi 16,000. Hiyo ya tatu nailinganisha na voisi noti ya shangazi: haiingii hata moja.

Kisha wanakaa kwenye mashine ya kutobolea kadi. Ina kibodi nzito, na kila kitufe unachobonyeza unasikia kisu kikishuka ndani, kach, kadi inasogea hatua moja, kach tena. Herufi ni kubwa tu. Watoto wa simu za kugusa wanabonyeza kwa woga, kitufe hakiitiki, wanabonyeza kwa nguvu, kinaitika, wanaruka. Wanapotoa kadi wanafanya jambo nililolisubiri wiki nzima: wanaiinua kwenye mwanga na kuanza kuisoma wenyewe. Mwaka jana mzee mmoja wa kujitolea aliona hivyo akasimamisha maelezo yake. Akamwuliza binti wa miaka 11, hiyo herufi ya tatu ni nini? Akamjibu, 11 na 4, ni M. Yule mzee alimwita mwenzake aje aone.

Hao wazee ndio programu yenyewe. Wengi wao ni mainjinia wastaafu waliofanya kazi na mashine hizi, au nyingine za aina hiyo, wakiwa vijana. Kwangu mimi mashine ni kisingizio cha kukaa nao. Tunawafundisha watoto waingie na shikamoo, na waeleze maana yake wakiulizwa. Mwaka wa kwanza walipoingia na "shikamoo" la pamoja, wazee walishangaa kidogo. Walipoambiwa kwamba anayejibu "marahaba" ni mkubwa, mmoja alisema basi yeye atajibu mara mbili.

Kuhusu maswali, mtoto asiulize "inafanyaje kazi?" Atapewa mhadhara. Kwa kazi yangu nimejifunza kwamba mzee hafunguki kwa swali kubwa, hufunguka kwa swali la tukio. Naandika haya matatu kwenye kikaratasi: Ni sehemu gani iliyokuwa inaharibika mara kwa mara? Siku ulipoangusha bunda la kadi ilikuwaje? Nani alikufundisha? La pili halijawahi kuniangusha. Kila mmoja wao ana siku yake aliyoangusha kadi, na anakumbuka hata viatu alivyovaa.

Baada ya hapo wapeleke kwenye maonyesho makubwa, na usijaribu kuona yote. Kuna vitu zaidi ya elfu moja; mimi nasimama kwenye vitatu.

Cha kwanza ni birika la chai. La kweli, jeupe, la kununuliwa dukani. Mwaka 1975 Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah alikuwa anatafuta umbo la kujaribia michoro ya kompyuta, akachora birika la nyumbani kwake, na vipimo vyake vikasambaa kwa watafiti mpaka likawa kitu mashuhuri kuliko vyote katika fani hiyo. Watoto wanacheka kwamba birika limewekwa kwenye kioo. Mama zao hawacheki, wanauliza kama linamwaga vizuri.

Cha pili ni Cray-1, kompyuta kuu ya mwaka 1976, iliyosimama kama herufi C na imezungukwa na benchi lenye mito. Ni baraza kabisa. Chini ya benchi kumefichwa vifaa vya umeme. Waonye watoto mapema kwamba hapakaliwi, kwa sababu mwili wenyewe utawapeleka.

Cha tatu nakipenda peke yangu. Ni kompyuta ya jikoni ya Honeywell ya mwaka 1969, iliyotangazwa kwenye katalogi ya duka la Neiman Marcus kwa zaidi ya dola 10,000. Ilikuwa ya kumtunzia mama wa nyumbani mapishi. Ubao wa kukatia mboga umo. Ila ili uongee nayo ilibidi ujue kusoma taa na kupandisha swichi za sifuri na moja. Haijulikani kama iliuzwa hata moja. Nikisimama hapo huwa najiuliza walimwuliza mwanamke gani kabla ya kuitengeneza.

Malizia na PDP-1 kama siku imekubali. Zilitengenezwa 53 tu na kampuni ya DEC, na mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake, waliiandikia mchezo wa Spacewar: vyombo viwili vya angani vinapigana na katikati kuna jua linalovuta kila kitu. Baada ya onyesho wageni hupewa nafasi ya kucheza kwenye skrini ya duara. Watoto wanaojiona mabingwa wa michezo hufa wa kwanza, kwa sababu wanapambana na jua. Mnong'oneze wako aache jua limzungushe, awashe injini kidogo kidogo. Ndiyo, nawapendelea wangu. Mashine hiyohiyo pia hupiga muziki wa sauti nne kwa programu ya Peter Samson, na dogo wetu wa miaka 6, aliyekuwa amechoka na kila kitu, alicheza.

Chakula: haliwi ndani ya maonyesho. Maegesho yapo, na nje pana nafasi. Tunabeba chapati, mayai ya kuchemsha na chai kwenye chupa, tunakula tukishatoka chumba cha 1401. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanne, na mmoja wa ziada wa kukimbia chooni.

Mkirudi nyumbani

Msiache iishie kwenye picha. Makumbusho haya yamehoji zaidi ya watu elfu moja wa fani hii na kuhifadhi mazungumzo yao. Sisi tunaiga kwa simu. Kila mtoto anampigia ndugu mmoja mzee na kumwuliza maswali yale matatu, yakiwa yamebadilishwa kidogo: mashine gani ya kwanza uliigusa kazini, ilikuwa inaharibika wapi, nani alikufundisha. Dakika 10, inarekodiwa, kwa ruhusa ya mzee.

Wangu walimpigia baba, Moshi. Alikuwa karani wa hesabu, na mashine yake ilikuwa ya kuvuta mpini. Aliwasimulia kwamba mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta za hesabu za serikali kwenda mrama. Watoto hawakuamini. Wakamwuliza tena, babu, kompyuta zilikatazwa? Akasema ndiyo, na mpini wake ulipokatika alisubiri spea miezi minne, akahesabu kwa penseli, na hesabu ikakubali. Nimeishi na baba yangu miaka 40 sijawahi kusikia habari ya mpini huo.

Kadi za makumbusho zihifadhiwe bapa, zisikunjwe. Hata zamani zilikuwa zinaandikwa onyo hilo. Zangu nimeziweka kwenye bati la biskuti, juu ya sindano na nyuzi, pamoja na ile ya NGOMBE ambayo bibi alikataa kuisoma. Mtoto aliyeitoboa ameiomba irudi, anasema safari hii ametafuta mahali pa kutobolea king'ong'o.